Kusimamia Tasnifu ya Mkwe

Mkuu wa idara amenipigia simu mara tatu. Ni kijana niliyemfundisha mwenyewe tangu mwaka wa kwanza, na siku hizi anafunga tai hata Jumamosi. Anataka niwaandikie wahadhiri wapya "maneno machache ya hekima". Nilimjibu kwamba hekima sina, nina magoti yanayouma mvua ikikaribia, na huku kijijini kwetu Lupepo mvua inakaribia kila siku, kwa hiyo hata magoti hayana habari mpya. Akacheka, akasema basi andika chochote, Mwalimu. Haya, chochote ndicho hiki. Sitaeleza nilivyopanda vyeo, maana hayo yako kwenye faili na faili halijawahi kumfundisha mtu aljebra. Nitaeleza kazi ilivyokuwa, kisha nitaeleza jambo nililomfanyia mwanafunzi wangu wa mwisho. Hilo la pili ndilo linaloninyima raha, na ndilo lililonifanya nikubali kushika kalamu.

Siku yangu ya kwanza nilipewa aljebra ya mwaka wa pili, ukumbi wa watu mia na ushee. Nilikuwa nimeandaa somo la saa mbili. Liliisha dakika ya ishirini na tano. Nilisema mbiombio kama mtu anayefukuzwa na nyuki, uso nimeuelekeza ubaoni, na nilipogeuka nikakuta mia nzima wananitazama kwa huruma. Nikaanza upya kutoka mwanzo, wakadhani ni marudio. Nyuma kabisa alikuwa amekaa Dk. Shirima, Mchaga mmoja mkavu aliyeagizwa kunilea kazini. Tulipotoka akaniambia, "Umefundisha vizuri sana, ubao umeelewa. Kesho jaribu na wanafunzi."

Shirima alibeba chaki zake mwenyewe kwenye kopo la maziwa ya watoto, kwa sababu chaki za chuo zilikuwa na tabia ya kwisha wiki ya pili ya muhula. Alinifunza kuvunja chaki mpya katikati kabla ya kuandika, ili isipige kelele. Alinifunza kuanzia kona ya juu kushoto na kutofuta mpaka ubao ujae, aliyechelewa naye aone tulikotoka. Kufuta ni kwa kushusha mkono wima, vumbi lidondoke chini badala ya kukuingia kifuani. Kifua changu hakikunufaika sana na somo hilo, lakini sakafu ilinufaika. Baadaye chuo kikatuletea mbao nyeupe na kalamu zake. Kalamu zikakauka mwezi wa kwanza, mbao zikabaki nyeupe kweli kweli.

Jambo kubwa alilonifunza lilikuwa dogo. Mwanafunzi wetu, alisema, akiona umekosea ubaoni hatakuambia umekosea. Hajalelewa hivyo. Atanyoosha kidole aseme, "Samahani Mwalimu, sijaelewa mstari wa tatu." Wewe usianze kumweleza. Kagua mstari wa tatu. Niliitumia kanuni hiyo miaka mingi na iliniokoa mara nyingi mbele ya darasa. Kadiri nilivyozeeka nikawa nakagua kidogo na kueleza zaidi.

Watu huuliza aljebra ya chuo kikuu ni kitu gani. Dada yangu mkubwa, Tusekile, alirudi nyumbani Lupepo alipofiwa na mumewe, na tangu hapo yeye ndiye serikali ya mji wetu. Siku moja nikiwa likizo alifungua daftari langu, akaligeuza juu chini, akasema, "Gwe, hesabu gani hizi hazina namba?" Nikamweleza hivi. Kuna vitendo ambavyo ukivipangua havina neno: ukitia chumvi kisha mafuta, au mafuta kisha chumvi, ndizi ni zile zile. Vingine havipanguliki. Kufungua mlango kisha kupita si sawa na kupita kisha kufungua mlango. Sisi tunachunguza mifumo ya vitendo kama hivyo, tujue kipi kinapangulika na kipi ukikipangua utaumia pua. Tusekile akafikiri, akafunga daftari. "Na kwa hilo wanakuita Plofesa?"

Miaka ya katikati sina mengi ya kusema. Nilisahihisha mitihani. Nilikaa kwenye kamati. Nilisahihisha mitihani tena. Kuna mwaka nilisimamia tasnifu tisa kwa mpigo, na mwisho wake sikuweza kukumbuka nani anafanya nini, nikawa nawauliza wote swali moja, "Umefikia wapi?", na wote wakanijibu, "Naendelea vizuri, Prof." Nilichoka mapema, kabla hata ya mvi. Nasema hili ili mkichoka msidhani mmelogwa.

Lakini kabla ya uchovu, nikiwa bado na nywele, niliandika kanuni yangu moja ya hesabu. Kurasa tano tu, kwenye jarida la nje. Inasema kwamba mifumo ya aina fulani inaweza kugawanywa vipande viwili visivyoingiliana. Kujua hivyo kunatosha. Kwenye ukurasa wa tatu kulikuwa na hatua moja ambapo vitu viwili vilibadilishana nafasi, cha kwanza kikawa cha pili na cha pili kikawa cha kwanza. Hapo niliandika "ni dhahiri", nikaendelea na safari. Kanuni ikapendwa. Hamadi, mwanafunzi wangu wa kwanza wa uzamivu, kijana mpole wa Tanga, alifanya tasnifu yake katika uwanja huo huo, na baada yake wakaja wengine wawili. Nikajulikana kwa kanuni hiyo kama mganga anavyojulikana kwa dawa moja.

Bupe alikuja kwangu miaka minne na ushee kabla sijastaafu. Alikuwa binti wa huko kwetu, kijiji cha Matwebe, mwalimu wa sekondari, na mwajiri wake alikuwa amempa ruhusa ya masomo ya miaka minne na si siku moja zaidi. Chuo kimoja kilikuwa tayari kumpa kazi ya uhadhiri akimaliza ndani ya muda. Siku ya kwanza tuliongea Kinyakyusa dakika mbili, tukamaliza habari za mvua na za wazee, tukarudi kwenye kazi. Alikuwa na macho makali kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumpata. Aliniuliza mara mbili, mwaka wa pili, kuhusu kanuni yangu. "Samahani Prof, ukurasa wa tatu sijauelewa vizuri." Nikamweleza. Mara ya pili nikamweleza kwa sauti kubwa zaidi.

Sasa kuna Lusajo. Huyu ni mtoto wa mdogo wangu marehemu, nimemlea mwenyewe. Alikuja ofisini kwangu kuniletea ndizi na maparachichi ya nyumbani, akamkuta Bupe amekaa mlangoni akisubiri zamu yake. Ndizi zilifika, Lusajo hakuondoka. Mwaka wa tatu wa masomo wakafunga ndoa, nami nikawa nimepata mkwe ambaye ni mwanafunzi wangu.

Kwetu Unyakyusani mke wa mwanao hakutani nawe. Na mtoto wa ndugu yako ni mwanao, hilo halina mjadala. Hakutazami usoni, hali chakula mbele yako, jina lako halitaji. Akikuona njiani anaingia migombani mpaka upite. Tunaita kutila, ni heshima na woga vikiwa chungu kimoja. Vijana wengi wameliacha jambo hilo, na chuoni tuliendelea kukaa ofisini tukitazamana kama watu wa kawaida. Kule hakukuwa na wa kutuona.

Mwaka wangu wa mwisho nilipewa likizo ya utafiti, nikarudi Lupepo kumalizia nyumba. Haukupita muda Bupe naye akaletwa na mumewe, tumbo likiwa kubwa, kwa sababu Tusekile hakutaka mjukuu wa mji ule azaliwe mbali. Alijifungua hospitali ya Igogwe, mtoto wa kike, mzima kabisa. Tusekile akatangaza kwamba mama na mtoto watakaa kwetu mpaka mtoto akaze shingo. Tasnifu ya Bupe ilikuwa imebakiza sura moja, na ruhusa yake ilikuwa imebakiza miezi mitano.

"Dada," nikamwambia Tusekile, "itabidi tukae tuongee kazi. Ana miezi mitano tu."

"Mtoto ana wiki mbili. Tuanzie hapo."

"Chuoni tunakaa chumba kimoja, hakuna shida."

"Gwe, hapa si chuoni. Hapa kuna majilani. Unataka waseme mkwe wa mji huu anakaa uso kwa uso na baba mkwe wake kama wanacheza bao?" Kisha akaona nimenuna, akalegea kidogo. "Kwani lazima muonane? Si mmesoma nyie? Andikianeni."

Ndivyo tulivyofanya. Fundi mmoja wa Tukuyu mjini alinitengenezea ubao wa plaiwudi, akaupaka rangi nyeusi mara tatu, tukaupachika barazani. Nikauchora mstari katikati: kushoto kwangu, kulia kwa Bupe. Asubuhi baraza ni langu. Saa nne naondoka kwenda kwenye shamba la chai au kwenye migomba, Tusekile anapaza sauti, "Tata ametoka!", yaani baba, na Bupe anatoka nyumba ya nyuma na mtoto mgongoni, anasoma nilichoandika, anajibu. Saa saba narudi. Kabla ya kukunja kona ya nyumba ni lazima nikohoe, apate nafasi ya kupotea. Mwaka ule nilikohoa kuliko mgonjwa wa kifua. Jirani mmoja aliniletea hata asali.

Mtacheka, lakini sijawahi kumsimamia mwanafunzi vizuri kama nilivyomsimamia yule nisiyemwona. Ofisini Bupe alikuwa wa "ndiyo Prof", "sawa Prof". Barazani aliandika, "Hapana. Jaribu na mfano mdogo zaidi." Aliandika, "Hatua hii ni ndefu bila sababu." Mara ya kwanza nilisimama na kikombe mkononi nikasoma mara mbili, nikajiuliza ni Bupe yule yule au kuna mwingine. Nilifurahi. Nilikuwa sijafurahia kazi kwa miaka mingi, nikawa naharakisha kurudi kutoka shamba kama mtu anayengojea barua.

Siku moja ya wiki ya tatu nilirudi, nikakohoa, nikapanda barazani. Upande wake wa ubao ulikuwa umejaa. Alikuwa ameandika mfumo mdogo wenye vitu thelathini na viwili tu, ameupanga vizuri, na chini yake ameonyesha kwamba una sifa zote ambazo kanuni yangu inazitaka. Kisha akaonyesha kwamba haugawanyiki. Katika hesabu kanuni inaweza kuwa imekubaliwa na mifano elfu. Ukileta mmoja unaokataa, imekufa. Na pale chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Prof, samahani. Nilijua tangu mwaka wa pili. Ndiyo maana nilisema sijaelewa ukurasa wa tatu."

Niliketi. Nikachukua karatasi nikakagua kimoja kimoja, vyote thelathini na viwili, kwa mkono. Ilinichukua muda mrefu, si kwa ugumu, bali kwa sababu kila nilipomaliza niliomba Mungu niwe nimekosea nikaanza tena. Hakukuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, la ukurasa wa tatu, pale nilipopangua visivyopanguliwa.

Sasa nitawaambia ukweli, maana ndio ulionileta hapa. Sikufikiria hesabu. Sikufikiria hata sura ya mwisho ya Bupe. Nilifikiria sherehe ya kuniaga. Idara ilikuwa imeshaandaa kongamano la siku mbili, na kwenye tangazo kulikuwa na kanuni yangu imepigwa chapa kwa herufi kubwa. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Nikachukua dasta, nikafuta upande wa Bupe kuanzia juu mpaka chini.

Tusekile alipokuja kuchukua kikombe nikamwambia, "Mwambie mvua imeingia barazani, imefuta alichoandika. Asirudie, aendelee na sura kama tulivyopanga."

Akautazama ubao. Akanitazama mimi. "Imefuta upande wa Bupe peke yake. Wako ikauluka." Akachukua kikombe. "Mvua ya mwaka huu inajua kusoma, Plofesa."

Kesho yake saa saba nilikuta maneno mawili tu upande wa kulia. "Ndiyo, tata."

Miaka yote minne hakuwahi kuniita tata. Nilikuwa Prof. Prof unaweza kumwandikia hapana. Tata mkwe akifuta, amesema, na mkwe mwanamke hana la kujibu. Nilijua vizuri sana maana ya lile neno. Ningeweza kuchukua chaki pale pale niandike nisamehe, umenishinda, andika ulichokiona. Mstari mmoja tu. Nilisimama na chaki mkononi, nikaandika upande wangu: "Endelea na sehemu ya pili."

Akaendelea. Sura ya mwisho aliiandika kwa usafi wa kutisha, hatua kwa hatua, na mahali pa kanuni yangu aliandika "kama ilivyothibitishwa na" na jina langu. Nikasaini. Tasnifu ikapelekwa kwa watahini ndani ya muda.

Siku ya utetezi tulirudi chuoni. Mtahini wa nje alikuwa mama mmoja mfupi kutoka nchi jirani, mwenye sauti ndogo, na nakala yake ilikuwa imejaa vipande vya karatasi vya njano. Mkiona mtahini wa sauti ndogo na karatasi nyingi za njano, salini. Aliuliza mengi, Bupe akajibu yote. Kisha akafungua sura ya mwisho.

"Hapa unategemea kanuni ya msimamizi wako. Nimejaribu kuithibitisha mwenyewe nikakwama. Ukurasa wa tatu wa makala yake vitu viwili vinabadilishana nafasi. Kwa nini inaruhusiwa?"

Bupe akasema, "Imethibitishwa na Profesa."

"Nimeona. Nakuuliza wewe. Unaamini ni kweli?"

Bupe akatazama sakafu. Mwenyekiti akarudia swali kwa upole, akidhani hakusikia. Bado anatazama sakafu. Chumba kizima kilidhani binti hajui, na nikamwona mtahini wa ndani akiandika kitu kifupi kwenye fomu yake. Mimi peke yangu nilijua kwamba anajua, na kwamba yuko tayari kufeli pale mbele za watu kuliko kusema baba mkwe wake amekosea. Miaka minne, mtoto wa miezi mitano, kazi inayomsubiri, vyote alikuwa ameviweka chini ili anifiche mimi.

Kwa taratibu zetu msimamizi hasemi mpaka aulizwe. Nilivunja taratibu. Nilisema, "Mwenyekiti, kanuni hiyo si kweli. Mtahiniwa aliligundua hilo zamani. Aliniandikia mfano unaoivunja, nami niliufuta kwa mkono wangu, nikamwambia aendelee. Naomba mumwambie auandike."

Mwenyekiti alivua miwani akaivaa tena. Bupe hakunitazama. Alisimama, akaenda ubaoni, akavunja chaki katikati, akaanza kona ya juu kushoto. Aliuandika mfumo wote bila kutazama karatasi. Yule mama wa sauti ndogo aliinuka kitini akaenda kusimama karibu naye, na alipofika mwisho akasema neno moja, "Kweli." Mimi nililia. Nilijifanya ni vumbi la chaki, lakini nilikuwa nimekaa mbali.

Ningependa niwaambie kwamba yaliisha vizuri. Jopo lilimpa mwaka mmoja aiandike upya sura ya mwisho, na mfano wake uwe ndio kiini. Mwajiri hakuongeza ruhusa. Bupe akarudi kufundisha kidato cha tatu asubuhi na kuandika mchana, mtoto mgongoni. Akafaulu. Lakini kazi ya uhadhiri ilikuwa na muda wake, muda ukapita, akapewa mtu mwingine. Ule muda ni mimi niliyeula, pale barazani, kwa dasta. Hajanilaumu hata siku moja, na ningefurahi kama angenilaumu. Anakuja Lupepo Krismasi, nasikia sauti yake jikoni akicheka na Tusekile, nakohoa, anapotea.

Kongamano la kuniaga lilifanyika kwa nusu siku. Tulikula pilau. Kanuni haikutajwa.

Niliandikia jarida, nikakiri kosa, wakalichapa kwenye kona ambayo hakuna anayesoma. Kisha nikawaandikia wanafunzi wangu watatu wa zamani, mmoja mmoja, kuwaambia kwamba kanuni imeanguka na wachunguze kazi zao. Wawili walijibu kwa heshima, wakashukuru. Hamadi, ambaye sasa naye ni profesa, hakuandika. Alinipigia simu. Nilikuwa kwenye chai, kapu mgongoni, nikaliweka chini.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Hamadi. Barua umeipata?"

"Nimeipata. Mwalimu, nisamehe. Kwani ulikuwa hujui?"

"Sijui nini?"

"Kwamba ina tundu. Mimi nililiona nikiwa mwanafunzi. Nilidhani unajua. Nilidhani unanipima uone kama nitaikwepa." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua aweke wapi mikono. "Zile kurasa arobaini za sura ya tano, za kuizunguka, unazikumbuka? Uliniambia nizikate, kwamba kanuni yako inalimaliza jambo hilo kwa mistari miwili."

"Ukazikata?"

"Hapana, Mwalimu. Nilizihamishia kwenye kiambatisho. Nilijua huko hutasoma."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Hakuwa na hasira aliponijibu. Alisema tu, "Ningekuambiaje, Mwalimu?" Kisha akauliza hali ya mvua, nikamwambia, akatuma salamu kwa watu wa nyumbani, tukaagana.

Nilirudi nyumbani kabla kapu halijajaa. Rasimu ya Hamadi niliyoisahihisha ilikuwa bado kwenye boksi, kwa sababu enzi zile mwanafunzi alitakiwa kuirudisha pamoja na marekebisho. Nikafungua sura ya tano. Pembeni, kwa wino mwekundu, mwandiko wangu nikiwa kijana: "Unazunguka nini? Njia iko wazi." Nikaketi barazani, nikazisoma zile kurasa arobaini kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Zilinichukua siku tatu. Hazina kosa hata moja.